Visanduku 124 na Ndoo Moja ya Maji: Kisa cha Familia Moja Likizoni

Kisa hiki nimekiandika kwa washauri wa familia wanaoanza kazi, ingawa mzazi yeyote anaweza kukisoma. Majina nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha. Wazazi wamekisoma na kukiridhia. Makosa mawili makubwa yaliyomo humu ni yangu, si yao, na ndiyo yaliyonifanya nikiandike.

Wahusika na hali yao

Ni familia ya watu watano. Kuna Mama, Baba, Binti wa miaka 14, mtoto wa kiume wa miaka 9 nitakayemwita Wa Kati, na Kitindamimba, msichana wa miaka 4. Baba hutoka asubuhi na kurudi jioni. Mama ana kazi ya kulipwa anayoifanyia nyumbani, nyingi yake asubuhi. Bibi, mama mzazi wa Baba, alikuja kukaa nao kuanzia siku ya 16 ya likizo.

Shule zilikuwa zinafungwa mwezi mzima, mwezi wa joto kuliko yote. Mama alinijia wiki mbili kabla. Hakukuwa na ugomvi mkubwa nyumbani, wala mtoto mwenye matatizo. Nilipomuuliza kilichomleta, alisema: "Mwaka jana tulikaa mwezi mzima nyumba moja, na sikumbuki hata siku moja."

Kisha akatoa ratiba. Zilikuwa karatasi nne zilizogandishwa kwa gundi, siku 31, kila siku ikiwa na visanduku vinne: asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Alitumia kalamu za rangi tatu na mwandiko safi sana. Visanduku vilikuwa 124. Nilipovihesabu baadaye, vilivyoachwa wazi vilikuwa 9. Alichotaka kwangu ni kimoja tu, nimsaidie kuwafanya watoto waifuate.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Nilimshauri apunguze visanduku vibaki nusu. Alipunguza, lakini kwa shingo upande. Hapo nilipaswa kumuuliza kila kisanduku kitabebwa na nani. Sikumuuliza. Nilishughulika na wingi wa shughuli, nikamsahau mbebaji.

Jambo la pili nililompa ni daftari. Kila usiku kila mtu angeandika kitu kimoja kilichompendeza siku hiyo. Sikulitoa hewani. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliopewa kazi ya kuorodhesha mambo wanayoyashukuru walijiona wana hali njema kuliko walioorodhesha kero. Mama alikuwa amelalamika kwamba hakumbuki hata siku moja, kwa hiyo niliona daftari litamsaidia kukumbuka. Hoja yenyewe ilikuwa nzuri. Nyumba ndiyo sikuitazama vya kutosha kabla ya kuipelekea dawa.

Wiki ya kwanza: safari ya maji

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya nne ilikuwa safari kubwa ya mwezi, kwenda kuogelea, na Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini. Walipanga kuondoka saa mbili asubuhi, wakaondoka saa tano kasoro. Kitindamimba alisinzia njiani, akaamka analia. Walifika jua likiwa utosini. Wa Kati alipoteza kiatu kimoja. Binti alikaa kivulini na simu. Mama alimkaripia mbele za watu, Baba akamkaripia Mama kwa kumkaripia Binti, na saa tisa alasiri walikuwa wamerudi nyumbani kila mmoja kanuna.

Jioni nyumba haikukalika. Kuta zilizopigwa na jua kutwa huanza kurudisha joto ndani jua linapozama, ndiyo maana ndani kunakuwa moto wakati nje kumeshapoa. Mama alitoka akakaa kwenye ngazi za mlango wa uani, akajaza ndoo maji, akatumbukiza miguu. Hakumwita mtu. Alitaka, kwa maneno yake, "kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita."

Kitindamimba alimfuata, akaingiza miguu yake juu ya ya mama yake. Wa Kati akaja. Miguu sita haienei kwenye ndoo ya kawaida, ikabidi wapeane zamu, na katika kupeana zamu wakaanza kukanyagana vidole chini ya maji na kubishana ni kidole cha nani. Baba akatoka na kigoda. Binti alisimama mlangoni, bega kwenye kizingiti, akasema kidole kikubwa ni cha Mama maana kina kucha iliyovunjika. Walikaa hapo mpaka Kitindamimba akalala kwenye paja la Baba, miguu ingali imelowa.

Kesho yake, kabla giza halijaingia, Kitindamimba aliikokota ndoo tupu mwenyewe kutoka bafuni hadi kwenye ngazi, akaiweka, akakaa kando yake akingoja.

Wiki ya pili: nilivyoiharibu

Mama alinipigia simu akiwa na furaha. Nami, kwa furaha hiyohiyo, nikamwambia aihifadhi ndoo kwa kuiingiza kwenye ratiba. Alifanya hivyo kwa kalamu ya kijani: NDOO, saa 1:30 jioni.

Binti aliisoma ukutani, akasema, "Kumbe hata ndoo ina saa." Hakutoka nje jioni tatu mfululizo.

Daftari nalo lilikuwa linakufa. Wa Kati aliandika "ndoo" siku sita mfululizo, mwandiko ukizidi kuwa mkubwa ili ajaze mstari. Binti aliandika "hakuna". Baba aliandika siku mbili, akaacha. Mama ndiye aliyeandika kila usiku, saa tano, baada ya vyombo, na ndiye aliyekuwa akiwakumbusha wengine. Mapishi yangu ya kuwaletea raha yalikuwa yamemwongezea mtu mmoja kazi ya usiku.

Siku ya 12 alikuja bila miadi. Hakukaa. Alisema: "Wote wanastarehe, mimi ndiye ninayechota. Na kila asubuhi wananiuliza, Mama, leo tunafanya nini?" Kisha akacheka, akalia. Nilimpa maji, nikanyamaza, na nadhani kunyamaza huko ndiyo huduma ya kwanza ya maana niliyompa tangu tuonane.

Kikao cha siku ya 13

Nilimwomba aje na Baba. Niliwatenganisha kwa dakika chache, nikamuuliza kila mmoja swali lilelile: ili ile ndoo iwe pale kwenye ngazi jioni, na kila mtu amekaa, ni mambo gani yanapaswa kuwa yamefanyika?

Baba alitaja matatu: kujaza maji, kubeba ndoo, kumwaga maji.

Mama alitaja kumi na moja. Chakula kiwe kimeliwa mapema. Kitindamimba awe amelala mchana lakini si baada ya saa tisa. Ndoo iwe haijatiwa sabuni ya kudekia. Ngazi ziwe zimefagiwa. Taulo ya miguu iwe kavu, maana ile ya asubuhi huwa bado mbichi. Wa Kati awe amemaliza kugombana na dada yake, ama sivyo ugomvi utahamia nje. Maji yasiwe yameisha kwa kufulia. Na mengine, hadi lile la kumbeba mtoto aliyelala bila kumwamsha na kumpangusa miguu ili asiloweshe godoro. Baba alipoyasikia hakubisha. Aliuliza tu, "Hili la godoro hutokea kila siku?"

Nimekuwa nikiutaja utafiti wa Allison Daminger wa 2019 kwa miaka kadhaa sasa, lakini siku hiyo niliuona kwa macho. Alihoji jozi 35 za wanandoa, akaigawa kazi ya akili nyumbani katika hatua nne: kutazamia hitaji kabla halijafika, kutafuta njia za kulikidhi, kuamua, na kufuatilia kama limefanyika. Kuamua mara nyingi hufanywa na wawili. Kutazamia na kufuatilia, zile sehemu zisizoonekana, huwaelemea zaidi wanawake. Ndiyo maana mume anaweza kusema kwa nia safi kabisa kwamba wanasaidiana, na mke akasikia dhihaka.

Maamuzi ya pili

Tuliamua mambo matano siku hiyo.

Ratiba ishuke ukutani. Mama alipinga kwanza, akiona watoto watakaa bure. Nilimkumbusha kwamba kupumzika na kucheza ni haki iliyoandikwa, ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na kwamba mwaka 2013 kamati inayosimamia mkataba huo ilitaja ratiba zilizobana kupita kiasi miongoni mwa vinavyowanyima watoto haki hiyo. Sidhani kama ibara ndiyo iliyomshawishi. Nadhani alikuwa amechoka.

Daftari lifungwe.

Jioni iwe ya Baba yote, kuanzia kuifikiria mpaka kupangusa miguu. Hapa nilikaza. Wangegawana vipande, wewe ujaze mimi nimwage, bado Mama angebaki msimamizi wa zamu. Kwa hiyo Mama hakuruhusiwa kukumbusha, hata kwa kukohoa.

Simu zisije kwenye ngazi, na sharti hilo liwahusu wakubwa pia. Mvunjaji wa kwanza alikuwa Baba, jioni ya kwanza kabisa, na Wa Kati ndiye aliyemnyang'anya.

La mwisho lilihusu kulala. Wazazi walitaka wote waingie ndani saa tatu kasoro. Nilieleza mapendekezo ya madaktari wa usingizi wa Marekani ya 2016: mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Tena saa ya mwili ya kijana husogea mbele anapobalehe, usingizi humjia baadaye. Kwa hiyo Binti kubaki nje baada ya wadogo kulala haikuwa kumdekeza. Niliitaja kama hoja ya afya. Faida yake nyingine sikuiona ikija.

Wiki ya tatu na ya nne

Jioni ya kwanza ya zamu yake Baba alisahau. Mama alijiuma ulimi, akakaa chumbani na kushona kifungo ambacho, alikiri baadaye, hakikuwa kimelegea. Saa mbili na robo Kitindamimba akauliza ndoo iko wapi. Baba alikurupuka, akaijaza mpaka ukingoni, maji yakamwagika kwenye ngazi, mtoto akateleza na kuchubuka goti. Mama alitoka, akatazama, akarudi ndani. Kama kuna dakika moja iliyobeba kisa hiki chote, ni hiyo. Kesho yake Baba aliijaza nusu na kuzikausha ngazi kwa gunia kuukuu.

Bibi alifika siku ya 16. Hasikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo kila anayetaka kuongea naye hugombea upande wa kulia. Jioni ya pili alimuuliza Baba, "Mwanangu, ndoo hii hulala na maji?" Ilikuwa ikilala na maji. Baba, na Mama kabla yake, waliiacha uani hadi asubuhi ili wayatumie kumwagilia mimea.

Hili ni kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la daftari. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinama na kutumbukia hupata shida kujiinua, na kuzama huwa kimya, hakuna kelele za kumwita mtu. Nilikuwa nimeijadili ndoo hiyo na wazazi wake kwa saa mbili nzima, nikazungumzia furaha, kumbukumbu na mgawanyo wa kazi, na swali hilo halikunijia. Tangu usiku ule maji yalimwagiwa mimea usiku huohuo na ndoo ikafudikizwa.

Mchana, bila ratiba, Wa Kati alichoshwa. Siku mbili za kwanza alizunguka nyumba akipiga milango. Mama alijizuia. Siku ya tatu mtoto alisimika fimbo uani na kuanza kuweka jiwe kwenye ncha ya kivuli kila saa. Jioni alikuwa na mstari wa mawe, akaulinda kwa ukali dhidi ya ufagio. Siku kumi na mbili baadaye alikuja mbio kusema mawe yamesogezwa, kivuli cha saa nne hakigusi tena jiwe la saa nne. Alimshuku dada yake. Hakuna aliyekuwa ameyagusa. Mhimili wa Dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi, na tunapolizunguka Jua, njia yake angani husogea kidogo kila siku. Kivuli nacho husogea. Baba alimweleza jambo hilo kwenye ngazi kwa kutumia goti lake kama Jua na ngumi kama Dunia. Kitindamimba aliuliza mwezi uko wapi, akapewa kidole cha Bibi.

Binti alirudi taratibu. Hakuketi, alisimama mlangoni, kisha ngazi ya juu, kisha ya kati. Siku ya 23 Baba alichelewa kazini, na aliporudi aliikuta ndoo mahali pake, maji nusu, taulo kavu begani kwa Binti. Hakuna aliyemsifu. Nilikuwa nimewaonya wasimsifu, na huo ndio ushauri wangu pekee wa mwezi ule ninaojivunia bila wasiwasi. Jioni hizo, wadogo wakishalala, yeye na Baba walibaki nje, mara nyingi kimya. Siku moja alimweleza jambo lililokuwa likimsumbua shuleni tangu muhula uliopita. Ni jambo lake, sitaliandika.

Matokeo

Katika visanduku 124 vya mwanzo, vilivyotimia ni 27. Kwenye ngazi walikaa jioni 22 kati ya 28, kuanzia siku ya nne. Mama na Binti waliendelea kugombana asubuhi kuhusu kuamka, na mwezi haukulibadilisha hilo hata kidogo. Shule zilipofunguliwa, Baba alishika zamu yake kwa wiki moja na nusu, kisha ndoo ikarudi kudekia. Miezi mitatu baadaye, hali ya hewa ikiwa imebadilika, walikuwa wakikaa pamoja jikoni siku moja kwa wiki, na siku hiyo bado ni ya Baba. Mama anasema humkumbusha "mara mojamoja, kwa macho."

Nilipowauliza watoto wanakumbuka nini, Wa Kati aliiita siku ya nne "siku ya ndoo". Safari yenyewe aliikumbuka kwa kiatu tu.

Uchambuzi

Jibu hilo la Wa Kati lina maelezo. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha, mara nyingine, kwa sekunde 60 zilezile pamoja na 30 za nyongeza ambazo maji yalipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni lipi wangerudia, wengi walichagua lile refu, ingawa lina mateso mengi zaidi. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Hushika kilele, na namna jambo lilivyoishia. Siku ya nne iliishia kwenye ngazi. Mzazi anayepanga likizo hutumia nguvu zake zote kwenye safari ya kwenda, na kwa kawaida hana chochote kilichobaki kwa saa mbili za mwisho, ambazo ndizo mtoto atakazozibeba.

Daftari lilishindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ningeweza kuisoma: Sonja Lyubomirsky na wenzake, katika kazi waliyoieleza mwaka 2005, waliona kwamba waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki kwa wiki sita ndio waliofaidika, na waliohesabu mara tatu kwa wiki hawakufaidika. Mimi niliagiza kila usiku. Ya pili ilihitaji kusikiliza. Binti wa miaka 14 aliyekaripiwa mbele za watu hawezi kuambiwa usiku uleule aandike kilichompendeza, katika daftari ambalo mama yake atalisoma.

Kuiingiza ndoo kwenye ratiba kulikuwa kosa la namna nyingine. Ndoo ilipendwa kwa kuwa hakuna aliyeitwa. Kila mmoja alijileta. Ilipopewa saa, kuja kukawa kutii na kutokuja kukawa kuasi, na kijana akipewa njia ya kuasi iliyo wazi hivyo ataitumia. Hata hivyo sisemi ratiba zote zing'olewe. Saa ya chakula na saa ya kulala zilibaki mwezi mzima, na bila hizo jioni isingekuwa na mahali pa kukaa.

Kilichofanya kazi kweli ni kuhamisha mzigo ukiwa mzima. Na hata hapo sifa ni ya Mama zaidi kuliko Baba au mimi, kwa ile jioni aliyotazama goti lililochubuka na kurudi ndani. Angelisafisha yeye, zamu ingemrudia.

Kisa hiki kisichukuliwe kama kipimo cha kila nyumba. Hapa kulikuwa na wazazi wawili, jioni zao wote walikuwa nyumbani, na palikuwa na uani salama. Mzazi anayelea peke yake na kufanya kazi usiku hana wa kumhamishia mzigo, na kumwambia apumzike ni kumuongezea kisanduku. Kwake ningeanza na swali la nani mwingine, jirani au ndugu, anaweza kuubeba hata saa moja.

Siku hizi sitoi daftari kwenye kikao cha kwanza. Na mtu akinitajia maji na mtoto mdogo katika sentensi moja, nauliza kwanza yanalala wapi.